Sikio Halina Kidole

Mulongwe, Uvira

Mpwa wangu mpenzi,

Karatasi uliyonitumia nimeisoma kwa makini. Nimefurahi sana kusikia kwamba wewe na wenzako mnaoandika programu kwa lugha ya Python pale Bukavu mnataka kutengeneza podkasti kwa Kiswahili. Mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Lakini miaka yangu ya redio hapa Uvira ilikuwa ya kupanga vipindi, na kwa hilo naweza kukusaidia.

Orodha yako ina vipindi kumi na viwili. Cha kwanza historia ya Python, cha pili namna ya kuisakinisha, cha tatu vigeu, cha nne vitanzi, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Hizo ni sura za kitabu. Msomaji wa kitabu anarudi nyuma, anaweka kidole kwenye mstari, anatulia. Sikio halina kidole. Ukimwambia mtu kwa sauti, “andika nukta mbili, shuka mstari, acha nafasi nne,” atapotea kabla hujamaliza, na wewe mwenyewe uliniambia kwamba katika Python nafasi zikikaa vibaya programu inakataa. Mambo hayo yaachie karatasi na skrini.

Sauti inambeba mtu: tatizo lililompata, alivyohangaika, alichoamua na sababu zake. Nikupe mfano kutoka yale uliyonieleza mwenyewe, kisha nikaenda kuyasoma zaidi. Guido van Rossum alianza kuiandika Python wakati wa likizo ya Krismasi mwaka 1989, huko Amsterdam, na kwa miaka mingi neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Wenzake walimwita dikteta mwema wa maisha. Mwaka 2018 ukazuka ubishi juu ya pendekezo moja dogo, alama ya nukta mbili ikifuatwa na ya sawasawa, ya kukipa kigeu thamani katikati ya usemi. Alama mbili tu! Ubishi ukawa mrefu, ukawa mkali, watu wakaumizana kwa maneno. Van Rossum akalipitisha pendekezo, kisha mwezi wa Julai akaandika kwamba anaachia kiti na hateui mrithi. Waliobaki wakajadili kwa miezi mifumo mbalimbali ya uongozi, wakapiga kura, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano. Baraza hilo huchaguliwa upya kila toleo kubwa linapotoka, na kati ya hao watano hawaruhusiwi kuwemo zaidi ya wawili wa mwajiri mmoja.

Mwanangu, hicho ni kipindi! Mama wa hapa Mulongwe aliyewahi kukaa katika likelemba, yaani upatu, au mvuvi aliyegombana na wenzake kwenye kamati ya pwani, atakifuata hadi mwisho, ingawa hajawahi kugusa kompyuta. Na kijana anayeandika programu ataondoka akijua maamuzi ya lugha anayoitumia yanapita wapi, na kwamba naye anaweza kuandika pendekezo. Historia uliyoiweka mwanzoni, yenye miaka na matoleo yaliyopangwa mstari, haina nguvu hiyo. Ivunje. Kila kipande chake ukiweke pale mgeni wako atakapokihitaji.

Basi panga hivi. Kila kipindi kiwe na swali moja, uliandike juu kabisa ya karatasi. Likishindwa kuenea katika mstari mmoja, ujue una vipindi viwili. Maswali yenyewe usiyatoe kichwani mwako, nenda ukayaokote kwa wanaojifunza. Nimemuuliza kijana wa jirani, anayesoma informatiki, jambo linalomsumbua kuliko yote. Akaniambia: nifanyeje nikipata intaneti siku moja, nipakue maktaba zote za Python ninazozihitaji, kisha nifanye kazi nyumbani wiki nzima bila mtandao? Nasikia njia ipo: amri ya pip inayokusanya mafaili, ukayabeba kwenye flashi, ukasakinisha bila kwenda mtandaoni. Swali hilo mtu wa Chicago hataliuliza, na ndiyo sababu linapaswa kuwa kipindi chako cha kwanza. Tafuta anayefanya hivyo kila mwezi, akusimulie alivyozoea, pamoja na siku aliyofika nyumbani na kukuta faili moja halipo. Amri zenyewe waandikie wasikilizaji kwenye ujumbe unaoambatana na sauti.

La pili ni la maji, na hili nakuomba usiliache. Unajua Aprili 2020 mto wetu ulivyofurika, nyumba zikachukuliwa na watu wakafa. Unajua pia ziwa letu la Tanganyika lilivyopanda miaka iliyofuata. Hapa Uvira tuna kituo cha utafiti wa maji, CRH. Ng’ambo, Bujumbura na Kigoma, wako wengine wanaolichunguza ziwa hili hili. Nenda ukaulize: vipimo vya mvua na vya kina cha maji vilivyoandikwa kwenye daftari vinafikaje kuwa faili ambalo programu inaweza kulisoma na kulichorea mchoro? Huenda atakayekujibu hajioni kabisa kuwa mtu wa Python. Mwalike hivyo hivyo, na umpe muda mrefu.

Kwa wageni wengine, kumbuka kwamba mkutano wa kwanza barani Afrika wa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, ulifanyika Zanzibar, Novemba 2023. Maana yake wako watu waliokaa katika ukumbi ule na wanaoweza kukueleza kwa Kiswahili kizuri. Django yenyewe ilizaliwa katika ofisi za gazeti, mjini Lawrence, jimbo la Kansas, ambako waandishi walitaka kurasa mpya kwa saa chache tu. Mtu wa redio anaielewa haraka hiyo. Na wanawake wasingoje kipindi cha mwisho. Shirika la Django Girls limekuwa likiwafundisha programu tangu 2014, na waliopita huko wana mengi ya kusema.

Zungumza na mgeni kabla ya kurekodi, ili ujue hadithi yake inaanzia wapi. Usimpe maswali yaliyoandikwa, maana atayasoma kama hotuba. Muulize alikwama wapi, na nani alimsaidia. Akichanganya Kifaransa, mwache. Jina la mwajiri wake na mahali anapokaa vitajwe akikubali tu. Kwa hali ya usalama ya huku kwetu, hilo sina haja ya kukueleza.

Kuhusu uzito wa faili la sauti: nusu saa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu megabaiti 29. Kwa Opus, ile ile inayotumiwa na sauti za WhatsApp, ukirekodi kwa kilobiti 24 unapata kidogo zaidi ya 5, na maneno yanasikika vizuri. Wasikilizaji wako wananunua mega kwa hesabu. Toa matoleo yote mawili, na lile jepesi lipelekwe pia kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu.

Vipindi kumi na viwili ni vingi mno kwa kuanzia. Fanya sita, na vitatu viwe vimerekodiwa na kuhaririwa kabla cha kwanza hakijatoka, maana mitihani itakuja, umeme utakatika, na mgeni atasafiri.

Maikrofoni usiinunue bado. Nitumie kwanza karatasi mpya yenye maswali sita, na mbele ya kila swali jina la mtu aliyekwisha kukubali kulijibu.

Mjomba wako