Viti 980

Baba alifanya kazi miaka mingi katika klabu moja ya Mombasa, akipiga brashi kitambaa cha meza ya snuka ambayo hakuruhusiwa kuichezea. Nilipopata nafasi ya shahada ya uzamili Sheffield, hakuuliza habari za chuo. Aliuliza Crucible.

Kumbe ni jumba la tamthilia! Lilifunguliwa 1971, viti 980 tu, vimelizunguka jukwaa pande tatu. Ubingwa wa dunia ulihamia hapo 1977, John Spencer akatwaa taji. Mwaka 1983 Cliff Thorburn akapata 147 ya kwanza humo. Lakini kwa Baba rekodi ni moja: fainali ya 1985, Dennis Taylor akimshinda Steve Davis 18–17 kwa mpira mweusi wa mwisho, usiku wa manane umeshapita. Yeye aliipata redioni.

Tiketi za Aprili sikuzimudu. Niliingia Novemba kutazama tamthilia, kwa bei ya wanafunzi. Wakati wa mapumziko nikampigia. Siku hizi haoni vizuri, picha ya simu haimfai.

“Meza iko?”

Nikatazama jukwaa: kitanda na taa moja.

“Iko, Baba.”

“Kitambaa wamekipiga brashi?”