Sombe na Lengalenga

Nyumbani kwetu Aveba palikuwa na ugomvi wa mboga. Mume wangu hakukubali kula bugali bila sombe. Lengalenga aliiita mboga ya wakimbizi, na mama yake alimuunga mkono: “Mwanangu, majani yanayoota yenyewe kando ya jalala ndiyo chakula cha kumpa mume?” Nami nilinyamaza, maana ndivyo nilivyolelewa.

Basi mtoto wetu wa tatu, mwenye miaka miwili, akaanza kuvimba miguu. Nywele zikageuka rangi, akawa anakaa mlangoni hachezi. Majirani wakasema amerogwa. Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi akambonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki. Akaniuliza, “Mama, huyu anakula nini?” Nikajibu: bugali wa muhogo na sombe. Kumbe nilisema uongo. Alipewa mchuzi tu. Majani yenyewe yalikwenda kwenye sahani ya baba yake.

Ugonjwa huo huitwa kwashiorkor. Ni neno la Waga wa Ghana, ambalo daktari Cicely Williams alilitangaza ulimwenguni katika miaka ya 1930: maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Siku ile mdogo wake nilikuwa nimembeba mgongoni.

Alipewa maziwa ya dawa, akapona polepole. Muuguzi hakunigombeza, ila alinifundisha hesabu. Katika gramu 100 za sombe mbichi mna karibu gramu 7 za chakula cha kujenga mwili, yaani protini. Katika lengalenga ni gramu 2 na nusu tu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji. Mtoto wa umri ule huhitaji kama gramu 13 kwa siku. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na haki kuhusu sombe, nami nilikiri. Lakini tumbo la mtoto ni dogo, halibebi rundo la majani. Pasipo maharagi, karanga au samaki, hata sombe haimtoshi. Na muhogo wenyewe, ambao ndio unaojaza chungu, humpa nguvu tu. Wa kumjenga haumo ila kidogo sana.

Tena sombe haitaki haraka. Ina sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu, chungu kikiwa wazi. Kuni zinakwisha, na vitamini C karibu yote inapotea motoni. (Wanaotia magadi ili ilainike upesi wanaiharibu zaidi.) Lengalenga huiva mara moja, nayo ina chokaa ya mifupa na vitamini A ya kulinda macho. Vitamini A imo katika sombe pia, ila mboga zote mbili zataka mafuta kidogo ili mwili uipokee.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya gramu hailionyeshi. Tangu vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999, sisi wa Walendu Bindi tumejua kukimbia na kurudi. Ukirudi ukakuta muhogo umeng’olewa, utapanda vijiti na kungoja miezi. Lengalenga ukiipanda leo, baada ya majuma matatu au manne unachuma. Mboga ya wakimbizi, ndiyo. Na sisi tulikuwa nani?

Siku hizi napika sombe mara mbili kwa juma, nikiitia karanga zilizotwangwa, na wadogo hupakuliwa kwanza. Siku nyingine ni lengalenga na maharagi. Mume wangu hunung’unika kidogo, kisha anakula. Mama mkwe bado anaiita majani ya jalala, ila juzi nilimkuta nyuma ya jiko akifukuza mbuzi wa jirani waliokuwa wakiila.