Nilipima Sekunde za Mafundi

Kazi iliyonilisha, ikasomesha wanangu na mwishowe ikanipa pensheni ilikuwa kupima muda ambao gari la mashindano limesimama piti, yaani pembeni mwa uwanja ambako mafundi hulihudumia. Nilizaliwa Tanga, nikaenda Uingereza kijana, na mwishoni mwa miaka ya 1980 nikaajiriwa kuvuta nyaya za kamera kwenye magari ya matangazo yaliyokuwa yakizunguka viwanja vya Silverstone, Brands Hatch na Donington. Baada ya misimu michache nilipandishwa ndani ya gari, nikakalishwa kwenye meza ya maandishi na tarakimu za kioo. Huko ndiko nilikozeekea.

Mzee aliyenifundisha alinipa stopuwochi na sharti moja: nisiitaje namba kabla sijajua saa yake imeanzia wapi na imekomea wapi. Gari linapoingia piti huwa linapimwa na saa mbili tofauti. Ya kwanza ni ya njia nzima. Chini ya lami kumefukiwa nyaya, na tumboni mwa kila gari kuna transponda, kifaa cha kutuma ishara. Gari likivuka waya wa kuingilia, kompyuta inaandika. Likivuka wa kutokea, inaandika tena. Saa hii haina mkono wa mtu na hufika hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ya pili ni ya kusimama kwenyewe: tangu magurudumu yatulie mbele ya mafundi mpaka yaanze kuzunguka tena. Hii ndiyo mtazamaji anayoipenda, na ndiyo ngumu, kwa sababu waya wa chini ya lami haujui kama gari limesimama au linatambaa.

Saa ya njia nzima nayo ina siri zake. Aprili 1993 nilikuwa kazini Donington kwenye mvua, siku ambayo dereva Ayrton Senna aliingia piti, akakuta mafundi wake hawajajiandaa, akapita moja kwa moja bila kusimama. Tarakimu zilipotoka tulizitazama mara mbili. Mzunguko ule wa kupitia piti ndio uliokuwa wa kasi kuliko yote katika mashindano yale! Njia ya piti ilikuwa inakata kona ya mwisho, ukomo wa mwendo haukuwepo, na mstari wa kumalizia unapita hadi mbele ya vibanda vya timu. Tangu siku ile sikuisoma tena saa ya njia nzima bila kuutazama uwanja wenyewe.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Kwenye uwanja wa Imola gurudumu lilichomoka kwenye gari la dereva Michele Alboreto likajeruhi mafundi kwenye njia ya piti, na baada ya hapo ukomo wa mwendo ukawekwa. Siku hizi ni kilomita 80 kwa saa katika viwanja vingi, na 60 Monaco. Kwa hiyo anayelinganisha muda wa njia nzima wa Monaco na wa Silverstone analinganisha urefu wa barabara na sheria zake, wala hapimi wepesi wa watu.

Mwaka huohuo wa 1994 mbio za langalanga, yaani Formula One, zilirudisha ujazaji wa mafuta, na kwa miaka 16 tarakimu yetu ilisema mengi kuliko ilivyoonekana. Mtambo wa mafuta ulitoa kama lita 12 kwa sekunde, na mafuta ndiyo yaliyokawia kuliko matairi. Gari likisimama sekunde tisa na mpinzani wake saba, mtangazaji mwerevu alijua la kwanza limebeba takribani lita 24 zaidi, na kwamba litakaa uwanjani mizunguko kadhaa kabla ya kurudi. Sehemu moja ya tano ya sekunde haikumsumbua mtu.

Mwaka 2010 ujazaji ulipigwa marufuku, na ghafla moja ya tano ile ikawa jambo kubwa. Sasa ilibaki kazi ya matairi tu. Kila gurudumu lina watu watatu: mmoja wa bunduki ya nati, mmoja wa kutoa, mmoja wa kuweka. Ongeza wa jeki za mbele na nyuma, wa kulishika gari lisiyumbe na wengine wachache, utapata watu kama 20 wanaofanya kazi kwa muda wa pumzi moja. Misimu michache baadaye sekunde nne zikawa tatu, kisha mbili na kidogo.

Kidole cha kubonyeza stopuwochi hakikuweza kufuata kasi hiyo. Mtu akiliona gari linakuja hujitayarisha na kubonyeza mapema. Likiondoka hushtukia, akabonyeza limekwisha kwenda. Makosa hayo mawili hayafutani, bali hujumlishwa, na fundi aliyefanya kazi kwa sekunde 2.3 anaandikiwa 2.5. Ndiyo maana kwenye meza yetu tarakimu ya kidole ilionyeshwa mubashara tu, kisha tukairudia kwenye mkanda. Televisheni ya Ulaya hupiga picha 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa na nusu mbili, yaani kwa hesabu yetu picha 50. Nilitafuta picha ya kwanza ambayo gurudumu limetulia, nikahesabu hadi ya kwanza ambayo limeanza kuzunguka. Picha 115 ni sekunde 2.30, wala hakuna ubishi.

Hesabu hiyo ina mpaka wake: picha moja ni sehemu mbili za mia za sekunde. Mzalishaji mmoja alitaka niongeze tarakimu ya tatu baada ya nukta, akidai kioo kitapendeza zaidi. Nilikataa. Timu zina vihisi vyao kwenye bunduki na jeki, na zinaweza kusema sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kamera yetu haikuiona sehemu hiyo, na kuiandika kungekuwa kutoa ushahidi wa uongo.

Yapo pia mambo ambayo saa peke yake haiwezi kuyatatua. Dereva mwenye adhabu ya sekunde tano husimama piti huku mafundi wamekunja mikono, na ni marufuku kuligusa gari mpaka sekunde hizo ziishe. Kioo kikiandika 7.4 bila maelezo, timu nzima inaonekana ya wazembe kumbe imefanya kazi kwa 2.4. Magari mawili ya timu moja yakiingia pamoja, la nyuma husubiri mwenzake amalizwe, na kusubiri huko si kubadilisha matairi. Monaco 2021 nati ya gari la dereva Valtteri Bottas iliharibika na gurudumu likakataa kutoka. Gari halikuondoka, na saa isiyofungwa haiwezi kutangazwa kama muda.

Nilikutana na mafundi wengi kwenye foleni za chakula. Walinieleza jinsi wanavyofanya mazoezi ya kubadilisha matairi wiki nzima, na jinsi namba moja ya kwenye kioo inavyoweza kumfuata mtu hadi nyumbani kwake. Tangu 2015 iko tuzo ya msimu ya timu yenye kasi zaidi piti, na huhesabiwa kwa muda wa kusimama. Brazil 2019 mafundi wa timu ya Red Bull walilihudumia gari la Max Verstappen kwa sekunde 1.82. Qatar 2023 McLaren wakalihudumia la Lando Norris kwa 1.80. Tofauti ya rekodi hizo mbili ni picha moja tu ya mkanda wangu. Kati ya rekodi hizo, mwaka 2021, FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, ilikuwa imeamuru ishara zisitangulie mkono wa binadamu: angalau sekunde 0.15 kati ya nati kukazwa na ishara ya jeki, na 0.2 kati ya gari kushushwa na dereva kuruhusiwa kuondoka. Anayewalinganisha mafundi wa kabla na wa baada ya amri hiyo hana budi kuitaja.

Vijana wetu sasa wanatangaza langalanga kwa Kiswahili, na nafurahi kuwasikiliza. Ombi langu kwao ni hili: namba ikitokea kwenye kioo, mweleze msikilizaji kwanza kama ni ya njia nzima au ya kusimama, na kama ndani yake kuna adhabu au foleni. Ukishasema hayo, ndipo umsifu fundi au umlaumu.