Dakika kumi za penseli

Houston, Texas

Shangazi mpendwa,

Natumaini mguu umepata nafuu na mahindi mmeshayaingiza ndani kabla mvua haijayakuta. Mkweo anakusalimu sana. Amerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku na sasa amelala, ndiyo maana nyumba imetulia nami nimepata nafasi ya kukuandikia.

Jumapili iliyopita uliniuliza kwenye simu mjukuu wako anaandika kurasa ngapi kwa siku. Nikasema haandiki hata mmoja. Ukanyamaza. Nakijua kimya chako kile, Shangazi. Ndicho ulichokuwa ukitunyamazia darasani ukisubiri mtu aseme kweli. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watoto themanini na zaidi waliobanana kwenye chumba chako, na mkono huu ninaoandikia ni wewe uliyeushika mpaka ukaweza kuumba herufi. Siwezi kukuacha ukidhani mtoto ameachwa tu. Anaandika karibu kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Anaandika dakika kumi, basi.

Acha nikueleze nilivyofika hapo, maana sikuanzia hapo.

Sababu za kumsomesha nyumbani unazijua: zamu zetu, umbali wa shule, na hofu ya Kiswahili kumtoka mdomoni kabla hajatimiza miaka saba. Hapa Texas jambo hilo halihitaji kibali. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikata shauri la Leeper na kuthibitisha kwamba nyumba inayosomesha inahesabiwa kuwa shule binafsi, ilimradi mzazi afundishe kwa dhati masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Nilipoiona orodha hiyo niliutafuta mwandiko, sikuukuta. Hakuna mkaguzi atakayepiga hodi, hakuna aliyetaja dakika wala kurasa. Mzazi anaachiwa mtoto na penseli, aamue mwenyewe. Uhuru wa namna hiyo unatisha, na mtu aliyeogopa hufanya kile alichofanyiwa.

Kwa hiyo nilinunua daftari la mistari, nikachonga penseli tatu, nikamwambia: ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya uji. Alikuwa na miaka mitano na nusu. Wiki ya kwanza aliujaza. Ya pili akaanza kuomba maji kila baada ya mstari. Ya tatu nikaikuta penseli imefichwa nyuma ya mto wa kochi. Kisha ikaja asubuhi moja akalia, mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto, akaniambia, "Mama, vidole vimechoka kunisikiliza." Nikamwambia amalize. Akamaliza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Usiku ule nililiweka daftari mezani nikalitazama kama wewe ulivyokuwa ukitazama ya kwetu, mstari kwa mstari. Ulikuwa ukurasa wa herufi a. Mstari wa kwanza zilikuwa za kupendeza: tumbo limefungwa, mguu umetua sawasawa kwenye mstari. Wa tatu zikaanza kuvimba. Kufika wa sita tumbo halifungi tena juu, a imekuwa u. Mistari ya mwisho mguu umeachana na tumbo na herufi zinapanda mlima. Nikazihesabu. Nzuri zilikuwa kumi na moja. Mbovu, sitini na kitu. Ndipo nikaelewa kwamba kila asubuhi mwanangu alikuwa anajizoeza kuandika vizuri kwa dakika chache, halafu anajizoeza kuandika vibaya kwa muda mrefu kuliko huo. Na mkono hauchagui, Shangazi. Unashika kile kinachorudiwa.

Kuna mama mmoja tunakutana naye maktaba ya mtaani, kazi yake hospitalini ni kuwasaidia watoto wenye shida ya kutumia mikono. Nilimwonyesha daftari lile. Hakunilaumu. Aliushika mkono wa mtoto, akaugeuza, akanieleza kwamba kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo minane, lakini mtoto huzaliwa mahali pale pakiwa gegedu tu. Mifupa huumbika mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huweza kungoja hadi miaka tisa au zaidi. Misuli midogo ya kiganja nayo bado inajifunza kazi. Kisha akamwambia mtoto aandike a moja tu, akaniambia mimi nisitazame karatasi, nitazame ncha ya penseli.

Nikashangaa. Alianzia chini. Alichora mguu kutoka kwenye mstari kwenda juu, akainua penseli, akaja kubandika tumbo kama mtu anayebandika mpini. Kwenye karatasi ilionekana a nzuri kabisa. Lakini herufi iliyojengwa hivyo haiwezi kuandikwa kwa kasi, na siku atakapotakiwa kuziunganisha, penseli itakuwa inaishia mahali pasipofaa. Miezi miwili nilikuwa nasahihisha kurasa zilizokwisha kuandikwa, na kosa lilikuwa limepita mbele yangu likiwa hai, mimi nikiwa jikoni nakoroga uji.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Nilijiuliza kwa nini ulitupa kurasa, na jibu nadhani nimelipata: mwalimu mmoja hawezi kutazama ncha za penseli themanini. Ukurasa ulikuwa msaidizi wako. Ulitushikisha kazi wakati wewe unapita dawati kwa dawati, na ulipofika kwa mtu uliinama, ukamshika mkono, ukamwongoza mara tatu au nne, ukapita. Zile mara tatu ndizo zilizotufundisha. Mimi nina mtoto mmoja mezani. Sihitaji ukurasa unisaidie kumngoja, maana naweza kuinama kwake muda wote.

Na kabla ya daftari ulitutoa nje, unakumbuka? Chini ya mwembe, kila mtu na kipande chake cha mchanga, tunaumba herufi kwa kidole, halafu tunaziandika hewani mkono mzima ukizunguka. Huku wazazi wanaosomesha nyumbani wanamtaja sana Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, akawapa herufi zilizokatwa kwa msasa wazipitishie vidole kabla ya kushika kalamu. Nikisoma habari zake nauona mwembe wetu. Nimenunua sinia pana, nimemwaga semolina ndani, na mjukuu wako huanzia hapo kila asubuhi.

Hizo dakika kumi ziko hivi. Mbili za mwanzo ni za sinia. Kisha herufi moja, au mbili za ukoo mmoja: c, a, d, g na o zote huanza kwa mzunguko uleule wa kushoto, kwa hiyo nazifundisha kama ndugu. Mimi naandika moja taratibu yeye akiangalia. Yeye anaandika tano au sita, mimi nikiangalia. Akikosea njia tunasimama hapohapo, hatuendi mbele na kosa. Mwisho anachagua mwenyewe iliyo nzuri kuliko zote, anaizungushia duara, penseli inarudi koponi. Siku nyingine saa inagota na yeye bado ana hamu. Namzuia hata hivyo, ili kesho aje na hamu hiyohiyo.

Si mimi niliyebuni. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefungua chuo Ambleside mwaka 1892, aliandika zamani kwamba somo la mwandiko la mtoto mdogo lisizidi dakika tano au kumi, na kwamba herufi chache zilizoumbwa kikamilifu zina faida kuliko rundo la ovyo. Wazazi wengi huku wanamfuata. Mimi nimemfuata baada ya kuziona zile a sitini.

Vitabu vya kufuatisha nukta navyo nimevitoa mezani, ingawa vimejaa madukani na vina picha nzuri. Mwaka 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana na mwenzake Laura Engelhardt walichunguza watoto wa umri wa miaka mitano ambao bado hawajui kusoma. Herufi nyingine waliziandika wenyewe kwa mkono, nyingine walizifuatisha, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Kisha ubongo wao ukapigwa picha wakiziangalia herufi hizo. Sehemu zinazotumika katika kusoma ziliamka kwa zile walizoandika kwa mkono wao huru, hazikuamka hivyo kwa zile za kubonyeza wala za kufuatisha. Mtoto anayeandika mwenyewe hukosea, kila a yake ni tofauti kidogo, na katika kuhangaika huko ndimo anamoijua a ni nini. Kwa hiyo usidhani nimepunguza dakika kwa kuudharau mwandiko. Nimezipunguza kwa sababu nautaka.

Nikiulizwa na wazazi wenzangu wa Kitanzania hapa Houston, wengi wao wakitaka wanao wajaze madaftari ili wasiachwe nyuma, nawaambia ninavyoona mimi: wa miaka minne mwache afinyange, akate kwa mkasi, achambue mchele, achore mistari na duara apendavyo, wa mitano dakika tano, wa sita kumi, wa saba au nane kumi na tano, zikiwemo za kunakili sentensi moja nzuri. Na mtoto ambaye dakika hizo chache nazo humtoa machozi miezi yote, huyo apelekwe kwa mtaalamu, asiongezewe kurasa.

Mwandiko wa kuunganisha, ulioniuliza pia, shule za huku ziliuacha kwa miaka mingi. Texas imeurudisha kuanzia mwaka wa masomo 2019–2020, darasa la pili. Tutaufikia.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa kuchelewa. Mjukuu wako ana hadithi nyingi, na mwanzoni nilitaka aziandike mwenyewe. Akawa anazikata. Kobe aliyekwenda baharini kutafuta mke akawa anaishia "Kobe alikwenda", kwa sababu mkono haukuweza kumfuata kobe mpaka baharini. Sasa hadithi anazisema, mimi ndiye karani wake, naandika neno kwa neno na Kiswahili chake kama kilivyo. Wiki iliyopita alinena ukurasa na nusu bila kupumua. Kuumba herufi ni kazi yake moja, kutunga ni nyingine, na zitakutana mkono ukishakomaa.

Kuandika kwa ajili ya mtu halisi sijakuacha, ila huko nako nakwenda kwa kipimo. Alitaka kukuandikia. Nikamuuliza unataka kumwambia Bibi nini, akasema, "Nimekukumbuka." Sikuwa nimewahi kulitazama neno hilo kwa macho ya mtoto. Herufi kumi na tatu, Shangazi, bila hata nafasi moja ya kupumzika katikati! Watoto wa jirani yetu wanaoandika Kiingereza husema jambo hilohilo kwa herufi nane zilizogawanyika maneno matatu. Kiswahili kinamfadhili mtoto kwa kuwa anachosikia ndicho anachoandika, lakini maneno yetu ni marefu kwa mkono wa miaka sita, nasi tunaofundisha kwa vitabu vya huku hatuna budi kulizingatia.

Tukaligawa siku tatu. Jumatatu *nime*. Jumanne *kuku*, na hapo alicheka mpaka akashuka kitini, kwamba ndani ya neno la Bibi mna kuku. Jumatano *mbuka*. Alhamisi hakuandika kitu, alikata karatasi na kuipaka rangi pembeni. Ijumaa aliliandika zima, mara moja, ulimi umetoka nje kidogo, nami sikusema neno.

Nimeiweka karatasi yake ndani ya bahasha hii. Utaona u ya pili imeinama na b ina tumbo kubwa mno, sikumfutisha. Utaona pia k ya mwisho ina duara la penseli nyekundu. Hilo ni duara lake mwenyewe, ndiyo k aliyoichagua kuliko zote tatu. Ukipiga simu Jumapili, naomba umtajie hiyo k.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
Mwanao wa Houston