Saa 12 ya Mama Sio ya Kompyuta

Wadau, kazi yangu ni kuandika kodi. Sio ile ya TRA, ni ya kompyuta. Mwaka jana nilitengeneza programu ya tiketi za mabasi, nikajiona fundi kweli kweli. Tiketi ya kwanza nikamkatia mama, aende Moshi amuwahi mama mdogo kabla ya upasuaji. Basi ni la saa 12 asubuhi, simu ikaandika 06:00. Mama akafika stendi saa 6 mchana na kikapu chake, basi lishaondoka zamani.

Mama mdogo aliingia upasuaji peke yake. Alitoka salama, namshukuru Mungu. Mama hakunigombeza, aliuliza tu, "Mwanangu, hiyo saa yako ni ya nchi gani?"

Iliniuma. Sisi tunahesabu kuanzia jua likichomoza, kompyuta inaanza usiku wa manane. Tofauti ni masaa 6, naijua tangu utoto, ila mbele ya skrini nikasahau natengenezea nani.

Usiku huohuo nikabadilisha iandike "saa 12 asubuhi". Bosi akauliza nani kaomba. Nikamwambia, mteja.

Siku hizi kabla ya kuachia kitu, namuonyesha mama kwanza. Akikunja uso tu, narudi mezani. Wewe je, saa ya simu ilishakuponza?