Kongosho Tuliloliacha Mulago

Nilipoanza kuwafundisha fiziolojia wanafunzi wa utabibu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, homoni za utumbo zilitengewa kipindi kimoja tu, tena cha mwisho kabla ya mtihani. Moyo ulipewa wiki nzima, na figo vilevile. Kongosho tulilipitia mbiombio: linatoa insulini, linatoa vimeng'enya, tufungue ukurasa unaofuata. Gastrini, sekretini na kolesistokinini-pankreozimini wanafunzi walizikariri kama majina ya vituo vya reli ambayo hawatapanda kamwe.

Leo homoni hizo zinazungumzwa saluni na kwenye daladala. Ile inayoitwa GLP-1, ambayo utumbo huitoa mtu anapokula, imezaa sindano za kisukari na za kupunguza unene, na wasioujua utumbo mwembamba ulipo wanazitaja kwa majina ya dukani. Nafurahi kwamba somo langu limetoka darasani. Lakini kila nikiwasikia nakumbuka kwamba kazi ya kongosho iliwahi kuchunguzwa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa makini sana, kisha uzi ukakatika. Hilo linaniuma hadi leo.

Nianze na nilichokipenda. Januari 1902, pale University College, London, William Bayliss na Ernest Starling walichukua kipande cha utumbo wa mbwa aliyelazwa usingizi, wakakata mishipa yote ya fahamu inayokifikia, wakaacha mishipa ya damu peke yake. Wakamimina asidi ndani ya kipande kile. Kongosho likatoa maji yake vilevile, ingawa hapakuwa na njia ya fahamu ya kulipelekea habari. Starling akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga na mchanga na asidi, akauchuja, na yale maji yakadungwa kwenye mshipa wa damu. Kongosho likamwaga tena. Kilichokuwa kikisafiri kwenye damu wakakiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni kwa vitu vyote vya namna hiyo. Kabla ya hapo maabara ya Ivan Pavlov, kule St Petersburg, ilikuwa imewaaminisha wengi kwamba mishipa ya fahamu ndiyo inayoamuru kila kitu tumboni. Jaribio lile niliweza kulisimulia kwa chaki moja, bila kifaa chochote, na darasa zima likanyamaza kusikiliza.

Nilipenda pia kumsimulia John Edkins, aliyetangaza mwaka huohuo wa 1905 kwamba tumbo nalo lina homoni yake, gastrini. Hakuaminiwa. Alifariki mwaka 1940, na ilipofika 1964 ndipo Roderic Gregory na Hilda Tracy wa Liverpool walipoitenga gastrini safi. Lile jina refu lenye kistari, kolesistokinini-pankreozimini, nalo lilikuwa na historia yake: watafiti walidhani homoni moja inakamua mfuko wa nyongo na nyingine inachochea vimeng'enya vya kongosho, mpaka Erik Jorpes na Viktor Mutt, waliochakata matumbo ya maelfu ya nguruwe kule Stockholm, walipoonyesha kwamba ni kitu kimoja.

Mpangilio wenyewe wa homoni hizi unastaajabisha. Chakula kikitoka tumboni kina asidi kali. Asidi ikigusa mwanzo wa utumbo mwembamba, sekretini inaingia kwenye damu, na kongosho linajibu kwa maji yenye bikabonati ya kuizima ile asidi. Mafuta na protini zikifika, kolesistokinini inaita vimeng'enya. Kwa siku moja kiungo hiki chenye uzito wa gramu 100 hivi hutoa zaidi ya lita moja ya maji hayo. Na vimeng'enya vyenyewe ni protini. Ni viungo vichache mwilini vinavyotengeneza protini kwa kasi ya kongosho. Ndiyo maana mtoto akinyimwa protini, kongosho ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema.

Hapo ndipo Mulago inapoingia. Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda mwaka 1935, na kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alihangaika na watoto waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabanduka, yaani watoto wa kwashakoo. Kwanza alidhani ni aina ya pelagra. Mwenzake wa patholojia, J. N. P. Davies, ndiye aliyetazama viungo vya watoto waliofariki na kuona kwamba zile seli za kongosho zinazotengeneza vimeng'enya zimesinyaa. Aliyaandika hayo mwaka 1948. Miaka michache baadaye Trowell na mtafiti mwenzake, Thompson, walipitisha mpira hadi kwenye utumbo wa watoto waliokuwa hai, wakavuta maji yake na kupima: vimeng'enya vilikuwa vimepungua mno. Maana yake ni nzito. Mtoto aliyekosa protini hupoteza uwezo wa kusaga hata ile kidogo anayopewa. Njaa inaharibu kinu cha kusagia chakula. Lakini walipompa maziwa, kwa uangalifu, kidogokidogo, vimeng'enya vilirudi.

Mama yangu mdogo alikuwa muuguzi huko miaka ya 1950. Sisi ni watu wa Bukoba, na kwetu kuvuka kwenda Uganda lilikuwa jambo la kawaida. Aliporudi nyumbani likizo hakusimulia vimeng'enya. Alisimulia watoto walioachishwa ziwa ghafla kwa sababu mdogo wao amezaliwa, wakabaki na ndizi peke yake, wakawa hawataki kula wala kuguswa. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "mtoto wa kwashakoo hanuni tu, amekasirikia dunia. Siku akicheka, hata kama miguu bado imevimba, ujue amepona." Baadaye nilipofungua vitabu nilikuta madaktari nao waliandika kwamba tabasamu ni dalili njema ya kupona. Sikuwahi kulifundisha kongosho bila kumkumbuka.

Swali lililofuata lilikuwa wazi: watoto hawa waliopona, kongosho lao litakuwaje ukubwani? Waliokuwa Kampala walilianza. Mwaka 1967 Gordon Cook, aliyekuwa Makerere, alichapisha katika jarida la Nature vipimo vya sukari vya watu waliowahi kuugua kwashakoo utotoni. Kisha ikaja miaka ya 1970. Idi Amin akatawala, watafiti wengi wakaondoka, wenyeji na wageni, na Mulago ikabaki inapigania gozi na bomba la maji. Siwalaumu waliokimbia. Nasikitika kwamba sisi majirani hatukuuokota uzi ule. Tulikuwa na wagonjwa walewale, ndizi zilezile, mihogo ileile, na maswali tukaacha yaje na majibu yake kutoka ng'ambo.

Wakati huo kisukari hakikuonekana kuwa balaa letu. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, na mwaka 1989 wakaeleza kwamba wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9 hivi kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Umri na namna ya kupima vilitofautiana, kwa hiyo namba hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Lakini anayekaa kliniki ya sukari Jumatatu asubuhi hahitaji kuelezwa kwamba foleni imerefuka.

Na katika foleni ile kuna wanene, ndiyo, soda na chipsi zimefanya kazi yao. Lakini kuna wembamba pia. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo kuwa aina yake peke yake. Mwaka 1999 likakifuta, kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha. Ushahidi ule ungetoka wapi kama si kwetu? Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limekirudisha kwa jina la aina ya 5. Zaidi ya miaka 25 imepita katikati, na waliokuwa wakitibiwa miaka hiyo walipewa dawa kana kwamba mwili wao ni sawa na wa mnene wa Ulaya.

Nafarijika kuona kwamba uzi umeokotwa Mwanza. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) huko wamekuwa wakipima kongosho la watu wazima, wenye VVU na wasio navyo, pande zote mbili, insulini na vimeng'enya. Mpira wa kupitishwa hadi utumboni hauhitajiki tena. Kinyesi kidogo kinatosha kupima kimeng'enya cha elastasi. Wamekuta kwamba kwa wagonjwa wao wengi tatizo ni kongosho kutoa insulini kidogo, kuliko mwili kuikataa.

Septemba 2025 dawa za jamii ya GLP-1 zimeingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ipo siku zitafika kwenye hospitali zetu za wilaya. Kazi yake ni kulihimiza kongosho litoe insulini na kuipunguza hamu ya kula. Kwa mnene ni neema. Kwa mzee mwembamba aliyenusurika njaa utotoni, mwenye seli chache za kuhimizwa na asiye na kilo hata moja ya kupoteza, daktari atahitaji kujua hali ya kongosho lake kabla ya kuandika cheti, na kipimo hicho wilayani bado hakipo.