Njiwa ana namba, mpagazi hana jina

Baba Mkubwa,

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli Wabelgiji wamemjengea njiwa sanamu, au ni masihara ya vijana. Ni kweli kabisa. Iko hapa Brussels, karibu na kanisa la Sainte-Catherine: mwanamke na njiwa, na maandishi yanayomwita ndege huyo askari. Ilisimamishwa mwaka 1931.

Katika vita ya kwanza ya dunia, ile ya 1914-18, mizinga ilikuwa inakata nyaya za simu, na mtu aliyetumwa na barua mara nyingi hakufika. Njiwa alifika. Tena kazi yake ni ya upande mmoja tu: unambeba mbali ndani ya kikapu, unamfunga ujumbe mguuni, na ukimwachia anarudi kwao. Kwingine hajui kwenda. (Sisi wa ughaibuni tunamheshimu kwa hilo.) Tarehe 4 Juni 1916, kamanda Mfaransa Raynal, akiwa amezingirwa katika ngome ya Vaux huko Verdun, aliachia njiwa wake wa mwisho. Ndege alipita kwenye gesi ya sumu, akafikisha ujumbe, na Ufaransa ikamtunukia heshima za kijeshi.

Sasa angalia tarehe hiyo. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Juni, askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji huko Kongo, waliingia Usumbura, Bujumbura ya leo, ng'ambo ya Ruzizi yetu. Risasi na chakula chao vilifikaje? Ulaya mizigo hiyo ilibebwa na farasi na nyumbu. Huko kwetu mbung'o hakumwacha mnyama. Nagana, ugonjwa anaoueneza, iliua farasi, nyumbu na punda wa kila jeshi, na mzigo ukahamia kichwani mwa mtu. Upande wa Wabelgiji wapagazi walifika kama 260,000. Upande wa Waingereza walikaribia milioni, na vifo vilivyoandikwa tu vilipita 90,000.

Mahali pamoja ng'ombe walishika zamu. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town ili kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ilipokwisha, ziliburutwa kupanda milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, na mashine zilipokwama, makundi ya maksai yalifungwa kamba yakavuta. Mkesha wa mwaka mpya haujafika, meli ya Kijerumani Kingani ilikuwa imekwisha kutekwa. Vitabu vya vita hiyo vinamsifu Spicer-Simson, kamanda wa mashua, aliyependa kuvaa sketi. Maksai wanapewa mstari mmoja au miwili.

London pia wana ukumbusho wa wanyama wa vita, uliofunguliwa mwaka 2004 pembeni ya Hyde Park. Nyumbu wawili wa shaba wanapanda na mizigo mgongoni, na maandishi yanasema kwamba wao hawakuwa na hiari. Na wapagazi waliokamatwa vijijini, nani aliwauliza?

Hata hivyo, njiwa simwonei wivu. Kinachonikera ni kitu kidogo. Njiwa wa Raynal alikuwa na namba, 787-15, na mpaka leo inaandikwa vitabuni. Wapagazi wetu tunao kwa maelfu ya jumla, kama magunia ya mchele. Nimekulia kwenye bonde la Ruzizi, na hakuna aliyewahi kunionyesha jiwe hata moja lenye majina yao.

Kwa hiyo nakuomba kazi moja. Keti na wazee wa kwetu Kiringye, na wale wa Luvungi na Sange ukiweza, uwaulize nani katika ukoo wao alibebeshwa mizigo ya Wazungu, alipita njia gani, alirudi au hakurudi. Jina la mtu kwanza, hadithi baadaye. Simu niliyotuma inarekodi sauti vizuri, lakini imejaa video za watoto. Waambie wafute kwanza. Nauli ya kwenda Luvungi nitatuma kwa dada wa Uvira mwisho wa mwezi.

Mtoto wako, Brussels